Walisali na kushikana mikono, lakini ugomvi ukarudi: mpatanishi wa kanisani anahitaji mafunzo gani?

Swali: "Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Mimi ni mama na mzee wa kanisa katika mtaa mmoja wa usharika wetu huku Muheza. Mwaka jana mchungaji aliniteua kuongoza kamati ya haki, amani na upatanisho, ingawa sikuwahi kusomea jambo hilo. Elimu yangu ni kidato cha nne. Shauri letu la kwanza lilikuwa la ndugu wawili, mtoto wa baba mkubwa na mtoto wa baba mdogo, waliogombania mpaka katika shamba la machungwa waliloachiwa na babu yao. Mmoja ni Mkristo wa usharikani kwetu, mwingine ni Mwislamu. Tuliwaita kanisani, tukasoma Mathayo 18, wakasameheana, tukasali, wakashikana mikono mbele ya wazee. Baada ya miezi mitatu yule Mwislamu aliing'oa usiku mikonge ya mpakani, na sasa hawasalimiani hata msibani. Baadhi ya wazee wanasema nimeshindwa kwa sababu sikusoma. Wengine wanasema kanisa lishughulike na kusamehe tu, mambo ya haki ni ya serikali na siasa. Nimeona tangazo la kozi ya mtandaoni ya miezi tisa, inayotoa diploma ya huduma ya upatanisho kwa ada ya shilingi laki nane. Je, niuze mbuzi wangu niisome, au niwaachie kamati wenye elimu?"

Amina, mama, na asante kwa kulieleza shauri lako bila kuficha sehemu inayouma. Nitakujibu kwanza kwa ufupi: mbuzi usiwauze kwa sasa, na kamati usiiache. Sababu zake zinahitaji maelezo marefu kidogo, na nitaanza na wale ndugu wawili kabla ya kuizungumzia kozi, kwa kuwa ukielewa kilichotokea siku ile utaweza kupima mwenyewe mafunzo yoyote utakayotangaziwa.

Wazee wanaosema umeshindwa kwa kukosa kusoma wanakuonea. Wapo wenye shahada ya theolojia ambao wangefanya vilevile ulivyofanya, kwa sababu vyuo vingi vya Biblia hufundisha upatanisho kama fundisho la imani, yaani Mungu alivyotupatanisha na nafsi yake katika Kristo kama tunavyosoma katika Wakorintho wa Pili sura ya 5, na mwanafunzi anaweza kufika mahafali bila kuwahi hata mara moja kuketi katikati ya watu wawili wenye hasira. Fundisho hilo ni la kweli na ndilo msingi wa kazi yako. Hata hivyo, halimwambii mtu aanze kumsikiliza nani, akutanie wapi, aandike nini, na afanye nini siku mapatano yanapoanza kulegea.

Sasa itazame tena siku ile kwa macho ya yule ndugu Mwislamu. Ameitwa kanisani, mahali ambapo mpinzani wake huabudu kila Jumapili. Wazee walioketi mbele ni wazee wa mpinzani wake. Maneno yaliyosomwa yanazungumza juu ya ndugu anayekosa ndani ya kanisa, naye si wa kanisa hilo. Kisha anaombwa asamehe, sala inaanza, na mkono unanyooshwa kwake mbele ya watu wenye mvi. Katika pwani yetu hii, mtu aliyelelewa kwa heshima hawezi kuukataa mkono huo hadharani, hata kama moyoni bado hajaambiwa mti upi ni wake. Aliupokea mkono kwa adabu, ninyi mkaelewa kwamba ameridhika, na hapo ndipo kosa lilipoanzia. Yule ndugu Mkristo naye huenda alikuwa katika hali hiyohiyo, kwa maana kumkatalia mzee wake wa kanisa si jambo jepesi.

Kuna jambo jingine ambalo sikuliona kabisa katika barua yako: hakuna aliyekwenda shambani. Hakuna aliyepita mpakani pamoja nao wote wawili, na wala hakuna mzee aliyekuwapo wakati babu akipanda ile michungwa aliyeulizwa alisimama wapi. Isitoshe, umeandika kwamba yule Mwislamu aliing'oa mikonge usiku. Nani alimwona? Iwapo hakuna shahidi, basi kamati imekwisha kumhukumu mtu kwa jambo ambalo halijathibitishwa, na huenda hilo limekwisha kumfikia. Ninakuomba ulichunguze hili kabla ya jambo lolote lingine.

Ugomvi wa shamba huwa na mambo matatu yaliyosukwa pamoja. Lipo la kwanza, nalo ni kitu chenyewe: hatua za ardhi, miti, mazao. Lipo la pili, yaani maneno yaliyosemwa na dharau iliyohisiwa. La tatu ni hofu ya kesho, kwamba watoto wangu watarithi nini. Sala na msamaha viligusa lile la pili, na hata hilo mlilifikia kwa haraka. Mawili mengine yalibaki kama yalivyokuwa, na msimu wa kuvuna ulipokaribia yakaamka, maana chungwa linapoiva kila mtu hutaka kujua anavuna mpaka wapi. Mtu aliyesukumwa kusamehe kabla hajasikilizwa hurudi nyumbani na uchungu mara mbili: wa kudhulumiwa, na wa kukosa tena ruhusa ya kulalamika kwa kuwa "yameshakwisha". Uchungu wa namna hiyo ndio huenda shambani usiku.

Upatanishi unaodumu huenda polepole zaidi. Huanza kwa kumsikiliza kila upande peke yake, nyumbani kwake au mahali anapopaona salama, kwa sababu mbele ya mpinzani mtu huzungumza ili ashinde, lakini akiwa peke yake huweza kusema kinachomuuma na anachokihofia. Wakati huo ndipo husikilizwa pia wale wasioitwa kikaoni, hasa wajane na binti za marehemu, ambao mara nyingi wanaujua mpaka kuliko wanaume wanaougombania. Kisha pande zote hukutanishwa mahali pasipo pa mmoja wao. Ukweli wa mambo hutafutwa kwa mashahidi na kwa miguu, shambani. Baada ya hapo huulizwa swali gumu la marejesho: kilichochukuliwa kitarudishwaje, na kisichoweza kurudishwa kitafidiwa kwa nini? Mapatano huandikwa kwa Kiswahili chepesi, yakitaja nani atafanya nini na lini, na hushuhudiwa na watu wa pande zote mbili. Mpatanishi hurudi baada ya mwezi, hurudi tena mavuno yanapoanza, na hurudi baada ya mavuno. Sala ina nafasi katika kila hatua, lakini haichukui nafasi ya hatua yoyote.

Huenda ukauliza kama hili ni la Kikristo au ni utaratibu wa baraza tu. Soma tena Zakayo katika Luka 19: wokovu ulipofika nyumbani mwake, kinywa chake kilitaja hesabu, nusu ya mali kwa maskini na kurudisha mara nne kwa aliowanyang'anya. Soma Matendo 6, pale wajane wa Wayahudi wa Kiyunani waliposahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wanung'unikaji wasamehe na kunyamaza. Waliushughulikia mgawo wenyewe, wakaagiza wachaguliwe watu saba wa kuusimamia, na majina ya wote saba, kuanzia Stefano mpaka Nikolao, ni ya Kiyunani. Maana yake kanisa liliwakabidhi kazi watu wa upande uliokuwa ukilalamika. Katika Agano Jipya sijaona somo bora kuliko hilo kwa kamati yoyote ya haki, na nashangaa kwa nini halihubiriwi zaidi.

Lipo pia la Yakobo na Esau, ambalo wapatanishi wachanga hulisoma nusu. Katika Mwanzo 33 wanakumbatiana na kulia, na Yakobo anamsihi kaka yake apokee mifugo aliyomletea kama zawadi, naye Esau anaipokea. Kisha, siku ileile, Esau anarudi Seiri na Yakobo anakwenda Sukothi. Hawakukaa pamoja. Biblia haiwalaumu kwa hilo, na baadaye wanakutana kumzika baba yao Isaka. Pengine kwa ndugu zako hawa upatanisho utakuwa mpaka ulio wazi, salamu msibani na kila mtu kwenye shamba lake. Usiwadai ukaribu ambao hawajaufikia.

Kuhusu wazee wanaosema haki ni siasa, wajibu kwa upole, lakini usikubaliane nao. Zaburi ya 85 inasema, "Fadhili na kweli zimekutana, Haki na amani zimebusiana," na Yeremia aliwashitaki manabii na makuhani wa wakati wake kwamba waliponya jeraha la watu kwa juu juu tu, wakisema amani, amani, wala hapana amani. Makanisa yamelitambua jambo hili kwa muda mrefu. Kanisa Katoliki lilipofanya sinodi ya pili ya Afrika, Oktoba 2009, mada yake ilitaja upatanisho, haki na amani kwa pamoja. Afrika Kusini, Tume ya Ukweli na Upatanisho iliyoongozwa na Askofu Mkuu Desmond Tutu kuanzia 1996 iliwapa waathirika nafasi ya kusema hadharani yale yaliyozuiwa kwa miaka mingi, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini ilipofika zamu ya fidia, serikali mwaka 2003 iliamua kulipa randi 30,000 mara moja kwa kila mwathirika aliyetambuliwa, kiasi kilicho chini sana ya mapendekezo ya tume, na malalamiko juu ya hilo yameendelea. Ukweli uliposemwa bila marejesho ya kutosha, watu walibaki wakidai.

Karibu nasi kuna Bagamoyo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika mwaka 1868 waliwakomboa watumwa na kuwajengea kijiji cha uhuru, na wakati wa vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, 1888 na 1889, maelfu ya watu walikimbilia misheni hiyo kutafuta usalama. Huo ni ushuhuda mzuri, nami naupenda. Hata hivyo, waliokombolewa walitakiwa pia kufanya kazi katika mashamba ya misheni na kuishi kwa kanuni walizopangiwa na wengine. Ninapokuwa na wanafunzi, huwaomba wayatazame yote mawili bila kulificha lolote, kwa sababu mtu anayetaka kuwahudumia walioumizwa anapaswa kuzoea kuwauliza wao wanataka nini, hata pale anapoamini kwamba anawatendea mema.

Tukirudi kwenye kozi: mtu hawezi kuwa mkunga kwa kusoma daftari peke yake bila kusimama karibu na mkunga mzoefu, na upatanishi uko vivyo hivyo. Kwa hiyo kabla ya kulipa laki nane, waulize wenye kozi maswali machache. Nani atanitazama nikifanya kazi na kunisahihisha? Je, tutaigiza mashauri, au tutasoma na kujibu maswali tu? Sheria itakayofundishwa ni ya Tanzania au ya nchi nyingine? Chuo kimesajiliwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), ikiwa ni chuo kikuu, au na NACTVET (baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi), ikiwa ni chuo cha kati? Wakikosa jibu la swali la mwisho, diploma hiyo huenda isitambuliwe rasmi utakapoipeleka. Wakikosa jibu la swali la kwanza, hata ikitambuliwa haitakusaidia siku ugomvi utakapolipuka mbele yako. Sisemi masomo ya mtandaoni hayafai. Kwa mtu aliye mbali na mji yanaweza kumpa usomaji mzuri, na kama ungepata ya bei nafuu ningekutia moyo uyafanye pamoja na mazoezi. Kinachonitia wasiwasi ni kuuza mbuzi kwa ajili ya karatasi.

Vyuo vikubwa vipo. Wajesuiti, shirika la watawa wa Kanisa Katoliki, wana taasisi ya masomo ya amani katika chuo cha Hekima, Nairobi, iliyoanza mwaka 2004, lakini shahada yake ya uzamili ni ya wenye shahada ya kwanza. Mtajie mchungaji wako huenda ikamfaa yeye. Kwa mahitaji ya Tanga, ambako ukoo mmoja huwa na Waislamu na Wakristo mezani pamoja, ningependa dayosisi yenu iwasiliane na PROCMURA, mpango wa makanisa ya Afrika unaoshughulikia mahusiano kati ya Wakristo na Waislamu tangu 1959, wenye makao makuu Nairobi. Semina za siku mbili au tatu zinazoandaliwa na dayosisi hufungua macho, nazo uzihudhurie kila unapoalikwa, ila usitarajie zikufanye mpatanishi.

Kwako wewe, kwa elimu uliyo nayo na kazi uliyokabidhiwa, ninashauri mwaka mmoja wa kujifunza kwa kutenda. Nenda kwa mtendaji wa kijiji uombe kuhudhuria vikao vya baraza la ardhi la kijiji kama msikilizaji. Baraza hilo lipo kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, lina wajumbe saba, watatu kati yao angalau wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha, si kuhukumu. Utajifunza mengi kwa kuketi kimya na kuangalia nani anasikilizwa na nani anakatizwa. Tafuta pia msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, umwombe awafundishe wanakamati mambo ya msingi ya ardhi, mirathi na ndoa. Kusanya kikundi kidogo kutoka sharika mbili au tatu za jirani, mkutane mara moja kwa mwezi, muigize mashauri, kila mmoja akicheza upande asioupenda, na mjadiliane mashauri halisi bila kutaja majina ya wahusika. Mwombeni mtu mmoja mwenye uzoefu, awe mchungaji mstaafu au mjumbe wa zamani wa baraza, awe msimamizi wenu wa kumwendea mnapokwama. Mwaka ukiisha, ukiona bado una kiu ya chuo, utakwenda ukiwa na maswali yako mwenyewe, na mwalimu yeyote atakufurahia.

Nakusihi pia uyatazame ya moyoni mwako. Mpatanishi hubeba siri za watu na hulala nazo. Akiwa na kinyongo cha zamani na mtu wa ukoo mmojawapo, kitajitokeza katika namna anavyouliza maswali. Kama una undugu wa damu au wa ndoa na upande wowote, useme wazi mwanzoni, na uwe tayari kumpisha mwingine.

Yapo mashauri ambayo kamati ya kanisa haipaswi kuyasuluhisha hata kidogo. Mtoto akidhulumiwa kimwili au kingono, hakuna kikao cha wazee, hakuna kulipana, hakuna kusameheana kwa niaba yake. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii anayejua atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji. Nenda kwa ofisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga simu ya watoto 116. Mwanamke anayepigwa asiambiwe akamwone mumewe peke yake kwa kufuata Mathayo 18, kwa maana maneno yale hayakutolewa ili yamrudishe mtu kwenye kipigo. Usalama wake hutangulia, na mazungumzo, kama yatakuwapo, huja baadaye. Kuhusu ndoa zinazoelekea talaka, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka shauri lipite kwenye baraza la usuluhishi la ndoa kabla ya mahakama, na kamati yenu si baraza hilo mpaka iteuliwe kisheria; kwa hiyo msiandike barua mkijifanya mnayo mamlaka hiyo.

Sasa wale ndugu. Usiwaite tena kanisani. Zungumza kwanza na imamu wa msikiti wa karibu au mzee Mwislamu anayeheshimiwa na pande zote, umwombe muwe wapatanishi wawili wenye uzito sawa. Atakuelewa: Suratul Hujurat, aya ya 9 na ya 10, inaagiza kuwapatanisha wanaogombana, na kuwapatanisha kwa uadilifu. Mwendeeni kila mmoja nyumbani kwake. Kwa yule Mwislamu, anza kwa kukiri kwamba kikao cha kwanza hakikumtendea haki, na usimuulize habari za mikonge mpaka amalize kusema yake. Kisha ombeni ruhusa ya wote wawili mpite mpakani, mkiwa na wazee wanaolijua shamba na mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji.

Ikiwa mmoja wao atakataa, msimlazimishe. Shauri lina njia yake: baraza la kijiji, kisha baraza la kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 hubaki na kazi ya kusuluhisha tu kwa muda wa siku 30, na likishindwa hutoa hati ya kuwaruhusu kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwenda huko si dhambi wala si aibu kwa kanisa. Na kama utasikia tishio lolote la panga au moto, usisubiri kikao cha kamati: mwarifu mtendaji wa kijiji na polisi siku hiyohiyo, kisha umjulishe mchungaji.